Neno la Dakika ya Arobaini na Moja

Kila Alhamisi, umeme ukikubali,
mimi na bibi Satenik tunaketi karibu na jiko la kuni
kutazama filamu ileile, diski ileile yenye mkwaruzo
aliyotuachia mjomba Gurgen alipohamia Fresno.

Ni familia ya watoto sita na mbwa mnene
wanaokwenda harusini kwa gari lenye kitanda ndani.
Keki inayeyuka njiani.
Baba anatumbukia bwawani na suti yake ya kuazima.

Bibi hacheki. Bibi yuko kazini.
Miwani puani, daftari la hesabu magotini,
"Simamisha!" anaamuru, nami nabonyeza,
na baba wa watu anabaki hewani,
tai imempiga usoni, mikono imetanda,
majini hajafika, ukingoni harudi,
mpaka bibi amalize herufi zake.

Kamusi yetu ni ya mwaka babu alipooa.
Ina kila kiungo cha trekta, haina pitsa.
Hata hivyo tumevuna:
neno la viporo, na bibi akafurahi,
"Kumbe nao wanakula cha jana!"
Neno la mama mkwe, ambalo kwao
lina sheria ndani yake, kana kwamba bunge lilikaa likampitisha.
"Wangu," akasema bibi, "alijipitisha mwenyewe."

Anajifunza kwa ajili ya Aren, mjukuu wa Fresno,
ambaye kwa Kiarmenia anajua kusema mkate, na busu,
halafu anatafuta mlango wa kutokea.

Dakika ya arobaini na moja, kijana wa pili
anavunja dirisha la jirani kwa mpira.
Baba yake ananyoosha kidole:
graundid!
Na watu wasioonekana wanacheka kwa pamoja.

Simamisha.
Bibi akapekua, akalowesha kidole, akapekua.
Graundi: ardhi. Udongo. Chini.
Akanitazama juu ya miwani.
"Wamemtia ardhini?
Mtoto?
Kwa kioo cha dirisha?"

Hapa Gyumri neno hilo halihitaji kamusi.
Saa ya mjini ilisimama saa tano na dakika arobaini na moja,
Desemba ile, mimi sijazaliwa,
mama mdogo Arpik akiwa darasani,
ana miaka kumi, na zamu ya kufuta ubao.
Bibi alichimba kwa sufuria. Hilo tu ndilo ninalojua,
na sikuambiwa na yeye.

"Hapana, bibi," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ndogo.
"Ni adhabu. Amekatazwa kutoka nje."
"Basi?"
"Basi."
"Na mwishoni?"
"Mwishoni anacheza dansi harusini. Umemwona mara tisa."

Akachukua penseli, akaiweka, akaichukua tena.
Aliandika polepole, kwa lugha yetu, kando ya neno lile:
mtoto yuko chumbani kwake.

Jumapili, kwenye kompyuta ya jirani Hrant,
Aren alitokea na macho mekundu.
Alikuwa amepaka paka wa watu rangi ya buluu.
"Bibi," akalalama kwa Kiingereza, "mimi ni graundid,
wiki mbili nzima!"
Nikanyamaza. Sikutafsiri.
Bibi akasogea hadi pua yake ikagusa kioo.
"Gud," akasema. "Veri, veri gud."
Na mvulana akaacha kulia kwa mshangao,
maana hakuna aliyewahi kumpongeza kwa hilo.

Alhamisi iliyofuata, yule baba alipoteleza,
kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe.
Bibi akanishika mkono.
"Mwache," akasema, "aanguke."
Akaanguka, maji yakaruka hadi kwenye keki,
na bibi Satenik akacheka hadi daftari likadondoka,
nami sikuliokota mpaka majina yote yalipokwisha kupita,
meupe juu ya weusi, hatukusoma hata moja.