Pa Kutua

Nilitumwa na kalamu tano za rangi
na kifaa kinachoongea na setilaiti,
niugawe msitu wa serikali, huku juu ya Isongole,
kwa kipimo cha raha.

Kijani kibichi: mgeni asione mtu, asisikie injini.
Kijani mpauko: njia ya miguu, kibao kimoja, choo hakuna.
Manjano: benchi, kibanda cha nyasi, mahali pa kuchomea nyama.
Chungwa: gari lifike.
Nyekundu: geti, tiketi, soda baridi.
Mwongozo una kurasa themanini na mbili
na ukungu haumo hata katika mmoja.

Nilianza kwa kutafuta kimya kinapoanzia.
Mwongozo unasema, kilomita tatu toka lami.
Nikazihesabu zote tatu, nikasimama kwenye mianzi,
buti zimekunywa maji hadi soksi,
na bado nikalisikia lori la viazi
likipanda kwa gia ya kwanza, likikohoa
kama mtu anayeingia kwako bila hodi.

"Asubuhi sauti hutembea na baridi,"
alisema Andongolile, mlinzi wa msitu,
akipangusa panga kwa jani.
"Rudi saa nane. Jua likiwaka hulisikii,
utamsikia shorobo, na tumbo lako."

Nikarudi saa nane. Kweli.
Sasa mpaka niuchore wapi?
Kimya hakina bikoni. Saa mbili kiko kule juu
kwenye miti yenye ndevu za kuvu,
mchana kimeteremka hadi kwenye kabichi za watu.
Nikachora, nikafuta, nikachora,
karatasi ikatoboka.

Alhamisi ni siku ya kuni,
zile zilizoanguka zenyewe.
Tulimkuta Subilaga amekaa juu ya jiwe bapa
kando ya barabara ya zamani ya magogo,
mzigo chini, ngata bado kichwani,
hafanyi kitu.
Nikatoa fomu.
Umekuja kwa shughuli gani: kutembea, kupiga picha,
kutazama ndege, ibada, mengineyo?

"Kuni."

Na hapa kwenye jiwe?

"Hapa natua."

Kwa muda gani?

"Mpaka shingo irudi kuwa yangu."
Akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Nyumbani nikikaa hivi wataniuliza naumwa nini."

Chini, mbali, lori likafunga breki kwenye kona.
Nikakunja uso, nikaandika: kelele.
Yeye akainua kidole, tunyamaze.
Akasikiliza hadi gia ikabadilishwa.
"Siye," akasema. "Lusekelo hubana mara mbili."
Mwanawe. Alimleta hapa mgongoni,
akamnyonyeshea juu ya jiwe hili hili.
Siku hizi anapeleka viazi Dar es Salaam,
na Alhamisi nyingine mama yake humpata hapa,
kwa breki tu.

Nikakifuta kile nilichoandika.
Sikujua niandike nini badala yake.

Mbeya, ofisini, rangi zilijipanga zenyewe:
mandhari safi, barabara ipo, mteremko mdogo,
na jiwe la Subilaga likaangukia kwenye chungwa.
Maegesho ya magari kumi na mawili.
Nikayasogeza mita mia mbili,
nikajaza sababu: udongo hauna nguvu.
Udongo wa pale ungebeba kanisa.
Mungu anisamehe, na wapima udongo pia.

Palipobaki sikupaka kitu.
Mkuu wangu, Bwana Mwakibete, akaweka kidole
penye weupe ule mdogo, usiozidi punje ya mchele,
akaugeuza ufunguo wa ramani mbele na nyuma.
"Nyeupe ni nini?"

Nikamwambia bado hatujapima.

"Lini?"

Nikasema Alhamisi.
Hakuuliza ipi.