Mpimaji wa Baklava

Kazi yangu ni kupima.
Miaka ishirini na sita, duka lile lile la Antep,
nyuma ya soko la wafua shaba.
Nakata kwa kisu chembamba, napanga,
naondoa kipande, narudisha nusu,
mpaka sindano ya mizani itulie kwa haki ya mteja.
Mwili wangu sikuupima hata siku moja.

Mchovya asali hachovyi mara moja,
nami nilichovya kwa kidole cha mwisho,
kile kisichoonekani nyuma ya kaunta:
chenga za pistachio, ukingo uliovunjika,
shira iliyoganda kwenye pembe ya trei.
Makombo si kula, nilijiambia.
Haba na haba hujaza kibaba.
Nililijua tangu utotoni,
nikadhani linahusu pesa.

Daktari Belkis hakunifokea.
Aligeuza karatasi nizione tarakimu,
akaniuliza kama anayetaka kujifunza kazi:
"Bwana Nurettin, sahani ikizidi uzito,
unaondoa kipande kipi kwanza?"
Nikasema: cha juu,
kinachotoka bila kubomoa vingine.
"Basi anza na hicho."

Cha juu kilikuwa sukari ya chai.
Glasi kumi na moja kwa siku, vipande viwili kila glasi.
Nikaacha kimoja. Baada ya mwezi, cha pili.
Siku hiyo nikakutana na chai yenyewe,
chungu kidogo, yenye harufu ya moshi,
mgeni niliyeishi naye miaka hamsini
bila kumuuliza jina.

Kisha makombo. Nayafagilia kwenye kopo,
na jioni shomoro wa uani
wananenepa kwa niaba yangu.

Kisha mkate. Muazzez, mke wangu,
aliuhamishia rafu ya juu kabisa, akaweka stuli chini yake.
"Sikukatazi," alisema. "Mwenye njaa ya kweli atapanda."
Mezani akaacha supu ya dengu,
figili zilizokatwa, kotimiri na ndimu.
Nilipanda ile stuli mara nyingi, sitaficha.
Halafu magoti yakaanza kunishauri.

Idi ikaja.
Jirani yetu Gülizar alileta sinia kwa mikono miwili,
na kwetu sinia ya mikono miwili haikataliwi.
Vitano vya jirani, vitatu vya shemeji,
na usiku, peke yangu mbele ya jokofu,
taa yake ikinimulika kama mwizi,
vingine ambavyo sikuvihesabu.
Mimi, mhesabuji!
Asubuhi nikasema: chungu kimeshavunjika,
ya nini kuyaogopa maji?

Nikafungua duka hivyo hivyo, mdomo ukiwa mchungu.
Mteja wa kwanza alitaka kilo tatu za harusi.
Nikazipima, nikazifunga, nikainua sahani,
na sindano ikarudi sifuri.
Ikarudi tu, bila kinyongo,
kama haijawahi kubeba kitu.
Nimeiona ikifanya hivyo mara laki ngapi?
Nikatoka uani, nikaosha uso,
mchana nikala dengu.

Sasa ni baridi ya tatu.
Alfajiri, samli inapoanza kuyeyuka jikoni,
mate bado yananijaa kama mtoto.
Nilidhani ipo siku tamaa itafunga virago.
Haikufunga. Imekaa kwenye kiti karibu na mlango,
kama mteja wa zamani asiyenunua.
Naiamkia, naendelea na kazi.

Na Ijumaa, saa nane mchana,
nakata kipande kimoja, nakipima,
nakiweka kwenye sahani ya kaure,
naketi dirishani, mtaa mzima unione.
Nakula kwa uma.
Muazzez hupita na kikapu cha biringani,
huinama kwenye kioo, huuliza kwa nyusi: kitamu?

Namwinulia kidole:
ngoja, sijamaliza.