Mkate Unajifunza Kusimama

Gari letu lina umbo la boflo,
la kijivu, la enzi za Wasovieti,
na huku Svaneti kila mtu huliita Mkate tu.
Jana Gela alilivisha viatu vipya vya breki,
magurudumu yote manne,
akapangusa mikono, akasema: tayari, shangazi.
Tayari!
Kiatu kipya, mwanangu, kwanza hubana.

Alfajiri, umande ungali juu ya bati la zizi,
nikalipiga jeki, nikaweka jiwe nyuma ya tairi,
kisha jiwe la pili, maana jeki hii siiamini
tangu ilipomponyoka Otar ikamwachia vidole vinane.
Nikalala chali juu ya gunia.
Spana namba kumi na saba.
Kaza, zungusha; kaza, zungusha,
mpaka gurudumu likagoma kama punda.
Sasa legeza. Kidogo. Kidogo tena.
Gela, zima hiyo redio,
nataka kuisikia ngoma.
Si ngoma ya kuchezwa hii:
ni mkwaruzo wa ndani, shh, shh,
kama mtu anayefagia chumba cha pili.
Hapo. Acha hapo.

La mbele kulia nililirudia mara tano,
nikatukana, nikamwomba radhi Mtakatifu Giorgi,
nikatukana tena.

Kanyaga! Akakanyaga.
Shikilia! Akashikilia.
Kwenye chupa ya jemu mapovu yakapanda,
makubwa, madogo, punje, kisha basi.
Pedali iliyokuwa laini kama uji
ikawa ngumu chini ya unyayo wake,
na uso wake nao ukabadilika.

Ana miaka kumi na sita.
Baba yake aliushuka mteremko huu huu,
mwezi wa Machi, na pedali ya uji.
Hatulisemi hilo tukiwa na spana mkononi.

Saa nne tukateremka na jibini, masanduku kumi na moja,
Gela kwenye usukani.
Kwenye kona ya daraja ng'ombe wa Tsiala
kalala katikati ya lami, kama desturi yake.
Gela akakanyaga.
Mkate ukainamisha pua, ukavuta kushoto
kidogo, upana wa kidole,
ukasimama.
Nyuma sanduku moja likateleza, likagonga kiti, likatulia.
Ng'ombe hakuinuka. Aliendelea kucheua.

"Kushoto bado," nikasema.
"Nimeisikia," akajibu,
mkono wake umeshaingia chini ya kiti
unaipapasa spana.