Umeme Usio na Vumbi

Kilo hamsini na mbili. Vijana wawili walikipandisha ngazi,
mmoja akaacha ukucha wake ukutani.
Isamu akakipangusa kwa kitambaa cha miwani,
kisha uani akasimika nguzo yake mwenyewe ya umeme,
maana, alisema, umeme wa mtaa mzima una vumbi.

Fumie alicheka mpaka chai ikammwagikia.
Nguzo! Na paa la jikoni linavuja.

Sasa ni Februari, theluji ya Kanazawa imefika dirishani.
Mnunuzi wa Nagoya atakuja Jumamosi na gari.
Fumie anabonyeza kitufe, si kwa ajili ya muziki:
kile chuma kikiwaka nusu saa hutoa joto,
na vidole vyake vya baridi yabisi havijui bei.

Kwenye mashine ya kanda imebaki kanda isiyo na jina.
Anaiachia.
Kwanza kimya,
kile kimya alichokilipia Isamu yeni kwa yeni,
kimya kisicho na hata mbu.
Kisha: ko, ko, ko.
Kisu juu ya ubao. Figili.
Bomba linafungwa. Mwanamke anaguna peke yake,
anamsema mtu kwa nguzo, anamsema kwa paa,
na yuko hapa hapa, hatua tatu, kushoto kidogo,
anapumua
kabla ya kila neno.

Jumamosi honi ililia mara mbili nje.
Fumie alikuwa jikoni,
anamwaga ndoo.