Gari Bila Magurudumu

Saa kumi na mbili asubuhi, Drenewydd,
mji mpya uliozeeka kando ya mto Hafren,
namvalisha Bi Morfydd Pughe fulana ya ndani.
Anashika pindo kwa vidole vilivyopinda,
anasema *gwlanen*,
kama mtu anayemwita paka.

Kiingereza kimemtoka mwaka huu, neno kwa neno,
kama meno.
Kimebaki Kiwelisi cha mamake, cha mlimani,
nami sikijui. Lakini hilo nililisikia.
Gwlanen. Fulana.
Nikatamka lake, nikatamka letu,
akanikodolea macho kana kwamba nimemwibia.

Usiku wa zamu nikafungua kamusi niliyoinunua kwa pauni moja
duka la mitumba, haina jalada.
Wajuzi wanadhani, ingawa hawaapi,
kwamba neno la sufu ya milima hii
liliingia kinywani mwa Mwingereza,
likasafiri ndani ya majora ya kitambaa.
Sisi hatupendi konsonanti zibanane,
tukachomeka *u* katikati, lipumue.
Nililivaa Muheza, la kijani, lina tundu kwapani,
nikidaka mipira kwenye matope.

Nikaendelea kufunua.
Bajeti: waziri anasimama nayo bungeni kila Juni,
kumbe ni mfuko wa ngozi wa Wagauli,
jamaa za Wagalatia;
na hapa Welisi binamu yake, *bol*, ni tumbo.
Nikacheka peke yangu kwenye korido.
Tumbo! Nani asiyejua?

Halafu motokaa.
Utotoni niliamini ni moto na kaa,
kaa la moto linalokimbia barabarani likitoa moshi.
(Gari ni jingine, lilitoka Bara Hindi,
wamefanana sura tu.)
Hili *kaa* ni *karros*, mkokoteni wa Wagauli.
Warumi waliwashinda wenyewe,
wakachukua mkokoteni na jina lake juu.
Wenye lugha wakanyamaza. Gurudumu likaendelea.
Likazaa kupakia, likazaa kubeba,
hata chaja ya simu yangu pale ukutani
inapakia umeme kwa jina hilo.

Nilipofika kwa *mbebaji* nikaacha kucheka.

Kariakoo.
Kikosi cha wabebaji, jina la Kiingereza
lililovunjwavunjwa na ndimi zetu hadi likawa soko.
Mbung'o walikuwa wamemaliza punda na maksai,
basi mwaka wa kumi na saba
wakamchukua Shemboza, aliyemzaa babu wa babangu,
wakamtwika sanduku la risasi.
Watu wakaitwa kwa jina la mkokoteni
kwa sababu mkokoteni haukuwepo.
Hakurudi. Hakuna aliyeandika ni mto gani.
Sisi twaenda Kariakoo kununua nyanya,
viatu vya sikukuu, twabishana bei.

Asubuhi lori la mkate likaingia uani.
Bi Morfydd akanyoosha kidole dirishani:
*Car*.
Nikadhani Kiingereza kimerudi, nikampongeza.
Akatikisa kichwa kwa hasira. *Car llusg*,
na mabega yake yakaanza kuvuta kitu.

Mpwawe, Heledd, alikuja Jumapili akanieleza:
shambani kwao, juu kule Llanbryn-mair,
mteremko ulikataa magurudumu,
nyasi kavu zikashushwa kwa gari la kuburura,
mbao mbili na farasi mmoja.
Farasi alipokufa, alisema, walivuta watoto.

Sasa kila lori likija yanaanza yale mabega,
kamba isiyoonekana, pumzi fupi,
nami nasimama na bakuli la uji unaopoa
nisijue namwangalia nani.

“Lilikuwa zito,” namwambia kwa Kiswahili.
Ananijibu kirefu. Sielewi hata moja.
Namvutia kiti.
“Kaa,” nasema, “kaa, Bi Morfydd.”
Anageukia tena dirisha,
analitafuta liko wapi.