Mbwamtu

Chukua mbwamwitu, futa "wi" ya katikati,
anabaki mbwamtu.
Hivyo ndivyo Nyemo alivyoliumba kabila lake,
kwa kifutio, kwenye daftari la hesabu,
chumba cha uani, Nkuhungu,
nyuma ya mizabibu ya mama mwenye nyumba.

Ndahani, msimulizi wa mchezo, alikuwa amempa cha kuchagua:
jitu la mlimani, mganga wa chumvi,
mpiga upinde asiyezeeka.
Akavisukuma kando. Akaandika:
*Masikio ya duara, mfano wa vifuniko vya sufuria.
Madoa mwili mzima, na hakuna wawili wenye madoa sawa.
Kunusa: kumi na saba. Biashara: tatu,*
maana sokoni Majengo nani atampimia mtama
mtu mwenye meno yale?

*Akiwinda hurudi na nyama tumboni,
akaitapika mbele ya mgonjwa, mbele ya kiwete,
mbele ya aliyebaki kulinda pango.*

"Kinyaa," nikasema.
"Posho," akasema, bila kuinua kalamu.

Kisha sheria ya mwisho, herufi ndogo, chini kabisa:
*Akilala mbali na kundi
hupungukiwa uhai mmoja kila usiku.*

Hiyo niliisoma mara mbili.
Kreti ya soda iliyopinduliwa, kiti cha nne,
haikuwa na mtu.
Malogo alikwenda Mirerani kutafuta jiwe la buluu
zabibu za Machi zikivunwa,
na sasa za Agosti zimeanza kuiva.
Simu yake hupokelewa na yule dada wa mtandao
asiyechoka kuomba radhi.
Nyemo alikuwa amejaza karatasi mbili:
yake, na ya kaka yake.

Ndahani akakohoa. Lango la Mji wa Shaba liko wazi, akasema,
alfajiri litafungwa,
na kundi haliwezi kumsubiri
mtu ambaye hatupi dado.
Dado lenyewe la mpingo, pande ishirini,
fundi alilichonga kwa kukisia,
saba hutokea kuliko haki yake.

"Tupige kura," Nyemo akasema.
Nikainua mkono.
"Shusha. Mbwamtu hawana mikono ya kupotezea.
Anayetaka kundi lingoje, apige chafya."

Tukacheka. Mji mzima huu wa kura,
na hakuna aliyewahi kufikiria hilo.

Basi upepo ukageuka,
ule wa mchana wa Dodoma usiobisha hodi,
ukaingia na uwanja wote wa nje mdomoni mwake.
Nyemo, moja.
Mimi, mbili mfululizo.
Ndahani alibana pua, macho yakamtoka,
akashikilia, akashikilia,
ikampasuka hadi dado likaruka chini ya kitanda.

Na ng'ambo ya ukuta mama mwenye nyumba,
asiyeujua mchezo wala lango,
naye akapiga moja, nzito, ya mtu mzima.

Tukamhesabu.