Usukani Unasema Nini

Mara ya kwanza nilifuata Porsche.
Machi, Alston imelowa kama kitambaa cha vyombo,
nami nimeshuka basi la Penrith, vibao vya namba nyekundu kwapani.
Kazi yangu ndiyo hiyo: kuendesha cha mtu hadi kwa mtu,
kisha kurudi nyumbani kwa nauli.

Bwana Tallentire alisoma jina langu kwenye fomu.
"Saumu, kabla hujaondoka nayo,
ipandishe Hartside, igeuze kileleni, uje unieleze
usukani unasema nini."

Nikadhani mzaha. Kisha nikamwona akinyanyua kikombe
kwa macho: anakitazama kila hatua, kisimponyoke.
"Sukari," akasema. "Vidole vimekufa ganzi.
Nikishika usukani, nimeshika mkono wa mtu aliyenuna."

Nikaenda, nikarudi, nikamwambia:
uzito wote uko nyuma, kama mama na mtoto mbeleko.
Mbele nyepesi, pua inanusanusa lami.
Ukikanyaga mafuta kona haijaisha
mtoto anageuka, na mama hana budi kugeuka naye.
Lakini ukiwa na subira ukaingia polepole,
unatoka umesukumwa kiunoni na kiganja kipana.

Akafumba macho.
"Ndiye," akasema. "Ndiye huyo huyo."

Novemba nikafuata Nissan, ile GT-R.
Mvua ile ile, kona zile zile, ikazinywa kama uji.
Ilinitisha kwa jinsi isivyonitisha:
sijakosea bado, imeshanisahihisha.
Nilifika juu mapema, mikono mikavu,
sina la kusimulia.
Mzee akacheka hadi akakohoa.
"Hiyo niliinunua kumuudhi shemeji.
Shemeji keshakufa. Ichukue."

Katikati nilipeleka mengine, ya wengine.
BMW iliyonguruma kupitia spika,
kama mtu aliyelipwa acheke.
Gari la umeme la Carlisle, kimya kama lifti,
lililoacha tumbo langu kwenye taa za kijani
nikaja kulikuta Hexham.

Juni hii, simu: imebaki Lotus.

Ndogo, ya manjano, chini kama kiatu.
Hauingii, unaivaa.
Usukani wake hauna msaidizi; unaubeba mwenyewe,
na barabara nayo inapanda hadi kwenye viwiko bila kubisha hodi.
Nilijua halmashauri ilipotia kiraka.
Nilijua kondoo walipovuka asubuhi, na walichoacha.
Breki zinauliza kiasi gani, unajibu kwa kidole gumba cha mguu.

Nikarudi. Nikafungua mdomo.
"Unasema kila kitu," nikamwambia, "sijui nianzie wapi."

Akakaa kimya. Kisha akaanza kuvua koti.

Dakika kumi na moja kumwingiza kiti cha abiria:
goti moja, tusi moja, fimbo, goti la pili.
"Vidole vimekwenda," akasema akihema,
"lakini makalio yangu ni mazima kabisa."

Tukapanda. Hakutazama nje hata mara moja.
"Kiraka," akasema. Kweli, kiraka.
"Jicho la paka. Jingine. Sasa lami mpya.
Gurudumu la nyuma kushoto limepungua upepo kidogo."
Nikabisha. Tukasimama kileleni penye ukungu,
nikapima.
Limepungua.

Akamwambia kondoo aliyekuwa karibu, si mimi:
"Unaona?"

Mnunuzi wa Leeds alikuwa kijana mwenye glavu.
Alizunguka gari mara mbili akipiga picha,
akaniuliza inakwenda kasi gani.
Nikamtajia namba. Akaridhika.

Jioni, basi la kurudi, nikachagua kiti juu ya tairi,
mikono mapajani, nasikiliza kwa pale pa kusikilizia.
Sponji nene. Halikusema kitu Scotch Corner,
halikusema kitu Bowes.
Karibu na Brough, nadhani, neno moja,
nikageuka kumwambia mtu.